Majina ya Ndani ya Kibuyu

Nimestaafu, huu ni mwezi wa nne sasa, na kukaa bado sijajua. Nikiketi barazani dakika kumi nasimama, naingia ndani, nafungua droo, naifunga, natoka tena. Binti yangu ananiambia, "Mama, si upumzike?" Nipumzike nina nini? Mikono iliyokata na kuunganisha filamu miaka yote ile sasa inapanga vijiko. Basi nyie vijana mnaohariri kwa kompyuta, mlioniomba siku ya kuniaga niwaandikie mawili matatu ya kazini, haya, nimeshika kalamu. Sitawaambia nilipanda cheo lini wala mshahara ulikuwaje, maana hayo hayamfundishi mtu kitu. Nitawaambia habari ya filamu moja ya watoto, na jina moja nililolikata kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi Zuhura ni mtoto wa Tunduma. Baba alikuwa mtu wa Kilwa, alikuja na lori la mizigo, akaoa, akabaki. Ndani ya ua wetu kulisaliwa na kusemwa Kiswahili cha pwani. Nje ya ua nilijifunza Kinamwanga kwa wenzangu wa kuruka kamba, na Kinyiha kwa kina mama waliokuja kuuza maharage kutoka Ihanda. Nilidhani kujua lugha ya watu ndiko kuwajua watu. Mtaona nilivyojidanganya.

Nilianza kazi Dar es Salaam miaka michache baada ya Uhuru, kwenye kitengo cha filamu cha serikali. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Pinto, mhariri mkuu, mtu mkimya aliyevaa tai hata kwenye joto la Februari. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Alinipa glavu nyeupe za pamba, kikapu cha vipande vya filamu vilivyotupwa, na kikatio cha chuma, akasema, "Unganisha vyote." Niliunganisha mpaka saa tisa. Akavipitisha kwenye projekta, vikakatika kimoja baada ya kingine, vyote. Wala hakunikaripia. "Binti, unakwaruza haraka, unapaka gundi haraka, unafungua haraka," akasema. "Bana, halafu hesabu mpaka ishirini. Usipohesabu itakatika mbele ya watu mia tano, na hutakuwepo wewe kutukanwa, atatukanwa dereva wa gari la sinema." Kuhesabu mpaka ishirini kulinishinda kuliko kitu chochote kazini. Nilikuwa nikifika kumi na mbili roho inapanda juu, nafungua.

Kwa miaka kadhaa tulitengeneza filamu za kuchimba vyoo, za pamba, za kisomo cha watu wazima, za chanjo ya kuku. Nzuri, sikatai. Lakini gari la sinema lilipofika kijijini, watoto ndio waliokaa mbele kabisa, na sisi tunawaonyesha choo. Ndipo wakubwa wakaamua itengenezwe filamu fupi ya watoto, hadithi ya kwetu, isiwe ya majumba ya theluji. Mwongozaji aliyepewa kazi alikuwa Bwana Mkomwa, mtu wa maneno matamu na mikono mirefu aliyeahidi kila mtu kila kitu. Aliuliza nani ana hadithi. Kabla hajamaliza swali nikasema ninayo.

Nilikuwa na nusu yake tu, niliyoisikia utotoni kwa wauza maharage. Mjane mmoja aliokota mbegu ya kibuyu mtoni, akaipanda nyuma ya nyumba. Kibuyu kikakua, kikaanza kuomba chakula: "Nipe. Bado." Akakipa ugali, kikasema bado. Kikala kuku, kikala mbuzi, kikaanza kula watu, mpaka kijiji kizima kikawa tumboni. Akabaki msichana mmoja aliyekuwa ameenda kuni, na kisu chake kidogo cha kuvunia ulezi. Mwisho wake nilikuwa sikumbuki. Bwana Mkomwa akasema mwisho tutaukuta hukohuko.

Tukafunga safari na Landrova, watu wanne: Bwana Mkomwa, mpiga picha wetu, Mzee Kondo dereva, na mimi niliyechukuliwa kwa ajili ya lugha, tepurekoda na daftari la orodha ya picha. Ilikuwa Juni, kahawa inaiva, na baridi ya Mbozi mnaijua mliotoka kule, ile inayomfanya mtu wa Dar avae soksi mikononi. Ihanda wakatuelekeza wote kwa mtu mmoja. "Hadithi? Nendeni kwa Mama Lameki. Lakini mjipange, ana mdomo yule."

Mama Lameki hakuwa kikongwe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mrefu, mwenye sweta la kijani lililotoboka viwiko, na tulimkuta juu ya ngazi akichuma kahawa. Hakushuka. Bwana Mkomwa alimweleza kwa dakika nzima habari ya utamaduni wa taifa. Alipomaliza, yule mama akaniangalia mimi akasema kwa Kinyiha, "Huyu anauza nini?"

Nilimweleza. Akasema hadithi anaijua, aliipata kwa mama yake, na ataitoa, lakini jioni tu. Mchana hadithi haisimuliwi, mchana ni wa jembe. Anayesimulia juani, mtu wa nyumbani mwake aliye safarini hupotea njia. Bwana Mkomwa akacheka kidogo, kwa adabu. "Mama, filamu inahitaji jua. Bila jua hakuna picha."

"Na mimi bila mwanangu sina nyumba," akasema. "Chagua."

Ndipo tulipoambiwa habari ya Lameki. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Alivuka mpaka pale Tunduma kwenda migodini Zambia, kama walivyovuka wengi, na kwa mwaka wa kwanza aliandika barua. Halafu kimya. Sasa ilikuwa miaka tisa. Shamba alilokuwa akichuma siku ile lilikuwa la Lameki, alilopewa na ukoo, na mama yake alilipalilia peke yake ili akirudi alikute na kahawa na si msitu.

Siku mbili tulikaa bure, jua kali limewaka, filamu ndani ya makopo, Bwana Mkomwa anatembea huku na huko, na mimi natembea nyuma yake. Sikuweza kutulia. Siku ya tatu nikaenda kwa Mama Lameki na wazo. Je, mchana tukiigiza tu bila kusimulia? Watoto wacheze, kibuyu kile, msichana akate, lakini neno lisitoke mdomoni. Midomo ifunguke bila sauti. Halafu jioni yeye asimulie, mimi ninase sauti, na Dar nitazishona pamoja. Akachambua kahawa viganja viwili vitatu. "Mdomo bila sauti si kusimulia," akasema. "Huko ni kutafuna. Haya."

Kibuyu tulikijenga kwa mianzi na magunia ya kahawa, tukakipaka udongo na mavi ya ng'ombe, kikawa kikubwa kuliko Landrova. Mbuzi walikula mkia wake usiku wa kwanza. Watoto kumi na wawili walioigiza kijiji walipoingia ndani walikataa kutoka, maana mle kulikuwa na joto kuliko shuleni. Msichana wa kisu alikuwa Eliza, binti wa darasa la tatu mwenye pengo, na kusema kweli nimefanya kazi na waigizaji wakubwa ambao hawakumfikia hata nusu. Ukimwambia fungua mdomo bila sauti, mshipa wa shingo ulisimama ungedhani anapasua kijiji.

Mwisho wa hadithi nikauelewa pale. Msichana anakata kibuyu, lakini kibuyu hakimwagi watu kama maharage. Anasimama mlangoni mwa tundu na kuita mtu kwa jina, na kila jina likiitwa, wasikilizaji wote wanajibu, "Ametoka!" Anaita mwingine: "Ametoka!" Mama Lameki aliyataja majina manane. Saba yalikuwa ya watoto waliokuwepo, kila mmoja akachomoza tunduni akicheka. La nane lilikuwa Lameki.

Bwana Mkomwa akasema atafutwe kijana yeyote atoke kwa jina hilo. Mama Lameki akakataa katakata. "Hamtamtolea mwanangu mtu mwingine. Atatoka mwenyewe. Nyie onyesheni mlango." Basi tukapiga hivyo: uso wa Eliza, mdomo unaita, halafu tundu jeusi, tupu, kwa muda wa kupumua mara tatu. Jioni nikanasa sauti yake yote kwenye tepu, moto unatoa moshi, watoto wanaitikia, wazee nao wanaitikia.

Siku ya kuondoka alinishika mkono. "Majina yote yatakuwemo?"

"Yote, Mama."

"Hata la mwisho?"

"Nimekwambia yote, Mama Lameki." Nilimwita kwa jina hilo siku nane mfululizo, asubuhi na jioni, na sikulisikia.

Dar filamu ikawa ndefu kuliko roli moja, yaani gurudumu moja la projekta. Gari la sinema lilitaka roli moja tu, ili dereva asisimame kubadilisha roli, watoto wakapiga kelele. Halafu kamati ikakaa kuitazama. Wakubwa watano, mashati ya mikono mifupi. Walipenda kibuyu, wakasema ndiye mnyonyaji kamili. Lakini majina? Mmoja akauliza, "Majina ya nini? Sema tu wananchi wakatoka." Bwana Mkomwa alijitahidi, lazima niseme, akapata majina matatu. Akaniambia, "Zuhura, chagua matatu yanayopendeza," akaenda zake semina.

Mzee Pinto alikuwa ameshastaafu wakati huo. Nilikuwa peke yangu mezani, nina filamu nyingine mbili zinanisubiri, na tabia yangu mnaijua. Nikachagua watoto watatu waliocheka vizuri. Lile tundu tupu nilikuwa wa kwanza kulitoa. Nilisema moyoni, jina linaitwa na hatoki mtu, watoto watadhani projekta imeharibika. Nilikata, nikatupa kipande kapuni, na kwenye tepu nikalitoa jina, na ile tepu ikafutwa itumike tena kwa hotuba. Miaka ile tepu hazikukaa na kazi moja. Kazi yote ilinichukua chini ya nusu saa.

Mwaka uliofuata, Mei, Mzee Kondo na mimi tukaipeleka filamu Ihanda. Nilijitolea mwenyewe kwenda, nikitarajia kushangiliwa. Turubai jeupe likafungwa uwanja wa shule saa moja jioni. Kijiji kizima kilikuwepo. Mama Lameki aliwekewa kiti mbele, sweta limeshonwa viwiko, na pembeni yake shemeji yake, Bwana Yohana, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mpole wa kanisani. Walicheka kibuyu kilipomeza mbuzi. Walikaa kimya kilipommeza mjane. Eliza akakata, akaita jina la kwanza. "Ametoka!" uwanja mzima. La pili. "Ametoka!" La tatu. "Ametoka!" Halafu zikapigwa ngoma, watoto wakacheza, na maandishi ya Mwisho yakatokea.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walibaki wanaangalia turubai jeupe. Nilidhani hawajajua kama imekwisha, nikasema kwenye kipaza sauti, "Ndiyo mwisho, jamani." Mama Lameki akasimama, akageuka kuniangalia kwenye gari, na mwanga wa projekta ukawa usoni kwake.

"Wengine wako wapi?"

Nikamweleza habari ya roli moja. Nikamweleza kamati. Nilikuwa nasema haraka haraka, nikichanganya lugha. Bwana Yohana ndiye aliyenivuta kando, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Dada, kwani hukujua? Asiyeitwa amebaki. Kibuyu kikishafungwa, aliyebaki ndani ni wa kibuyu."

"Maana yake nini?"

"Amekufa," akasema. "Ukoo unataka kumwekea Lameki matanga tangu mwaka juzi. Tuzike mgomba badala ya mwili, tulie, yaishe. Shemeji amekataa kwa sababu kila mwaka anaisimulia ile hadithi, anamwita, na watu wanaitikia. Sasa amesimulia mbele ya kijiji na hakumwita. Wazee wote wamesikia. Mimi sina la kuwazuia tena, na nakwambia kweli, sina hata hamu ya kuwazuia. Nina mtoto anataka kuoa, hana shamba, na lile linamsubiri mtu ambaye hayupo."

Matanga yakapangwa baada ya mavuno ya kahawa. Kabla hatujaondoka nikaenda kwa Mama Lameki kuomba radhi. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka. Nikasema nimekosa, nisamehe. Akasema, "Wewe uliniitaje siku zote zile?"

"Mama Lameki."

"Nikishamzika, nitaitwa nani?"

Nilitoka pale nikalia ndani ya gari mpaka Mlowo, na Mzee Kondo, Mungu amrehemu, akajifanya anasikiliza injini.

Dar sikulala vizuri hata siku moja. Nilianza kukitafuta kile kipande. Sasa sikilizeni, kwa sababu hili hamtalikuta kwenye kompyuta. Miaka ile ya kubana, hatukuwa na filamu tupu ya kuwekea mwanzo, ile sehemu isiyo na kitu inayopita kwenye projekta kabla picha haijaanza. Tulikuwa tunaokota vipande kapuni na kuviunganisha kichwani mwa filamu nyingine. Kwa hiyo kipande changu kama hakikuchomwa, kilikuwa kimebandikwa kwenye kichwa cha filamu yoyote iliyotoka mwaka ule, na filamu zenyewe zilikuwa kwenye magari, mikoani. Kila gari liliporudi na makopo, nilikuwa nasubiri getini kabla dereva hajazima moto. Nilifungua ya pamba, hamna. Ya mbolea, hamna. Ya maji ya kuchemsha, nikakuta nusu ya mbuzi wetu akimezwa. Wenzangu wakaanza kusema Zuhura amepata jini.

Agosti likarudi gari la Singida, na kopo la chanjo ya kuku. Nikaweka mezani, nikazungusha kwa mkono. Mwanzo kabisa, kabla kuku hajaonekana, alikuwepo Eliza na pengo lake, mshipa wa shingo umesimama. Halafu tundu. Lameki wetu alikuwa amezunguka mkoa mzima wa Singida mbele ya kuku, na hakuna aliyemjua. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Picha ilikuwepo, sauti haikuwepo wala isingeweza kuwepo. Nilichukua nakala ya filamu iliyokuwa inakwenda kusini, nikaifungua baada ya jina la tatu, nikaweka kile kipande. Sikuomba ruhusa kwa mtu, maana ningejibiwa iandikwe barua. Nikakwaruza, nikapaka, nikabana, na kwa mara ya kwanza maishani nikahesabu mpaka ishirini, nikarudia tena ishirini.

Ihanda haikuwa kwenye orodha ya safari ile. Tunduma ilikuwemo. Nikatuma ujumbe kwa kondakta wa basi nimjuaye: Mama Lameki aje Tunduma Jumamosi, nyumbani kwa baba yangu, nina kitu chake. Nilikaa mlangoni tangu asubuhi. Kila basi likipita nasimama. Mama yangu akaniambia, "We mtoto, utatoboa kizingiti." Saa tisa nikamwona anakuja kutoka kituoni, na nyuma yake Bwana Yohana na furushi la karatasi kwapani. Hakutaka shemeji yake asafiri peke yake, na tena alikuwa na shughuli: Ihanda madukani hakukuwa na bafta ya sanda, na matanga yalikuwa Jumamosi inayofuata. Alikuwa amenunua kitambaa cheupe pale kituoni, kabla hata ya kutusalimu.

Nilimwambia Mama Lameki wazi. Picha ya mlango nimeipata. Sauti nimeiua mwenyewe, haitarudi. Lakini kwenye gari kuna kipaza sauti, kile tunachowatangazia watu. Ikifika pale pakimya, uite wewe mwenyewe. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu Mei.

"Jua litakuwa limezama?"

"Limezama kabisa, Mama."

Uwanja wa mpira wa Tunduma, mnaujua, kelele za mpaka hazikauki pale. Madereva wa malori, wafanyabiashara na kofia zao baada ya magharibi, wanawake wa upande wa pili na vitenge na watoto mgongoni, "mukwai" huku na "mukwai" kule, neno lao la heshima, watu wasiojua Ihanda iko wapi. Nilimwambia Mzee Kondo akae kwenye projekta. Mimi nilishika kipaza sauti, na kabla filamu haijaanza nikawaeleza watu utaratibu: jina likiitwa, jibuni "Ametoka." Wakacheka, wakajaribu, wakaweza. Bwana Yohana alisimama karibu na mlango wa gari, furushi kwapani, anatazama saa.

Kibuyu kikala. Watu wa mpakani wanapenda kuona mtu analiwa, walishangilia sana. Eliza akakata. Jina la kwanza, Tunduma yote: "Ametoka!" La pili, "Ametoka!" La tatu, sauti zikatoka mpaka kwenye malori yaliyopanga foleni. Nilikuwa nasubiri kiungo changu kipite. Kama kingekatika hapo, sijui ningefanyaje. Kilipita. Spika ikaanza kukwaruza bila neno, na uso wa Eliza ukajaa turubai. Nilimpa Mama Lameki kipaza sauti.

Aliita mdomo wa Eliza ulipofunguka, sawasawa, na tangu siku hiyo mimi sijawahi kulinganisha sauti na picha vizuri namna ile.

"Lameki!"

Kwenye turubai lilikuwepo tundu, jeusi, tupu. Mtu yeyote angeona hatoki mtu. Na uwanja wote ule, wenyeji na wageni, Waislamu na Wakristo, wa huku na wa kule, ukajibu kwa pamoja, "Ametoka!"

Mzee Kondo naye alijibu. Mimi nilijibu huku nalia. Na karibu na sikio langu, mlangoni mwa gari, nikasikia sauti nyingine nzito ya mtu wa kwaya ikijibu na wengine. Mama Lameki alishusha kipaza sauti, akageuka.

"Nimekusikia, shemeji."

Bwana Yohana alishtuka, akashika mdomo. "Nimefuata watu," akasema. "Mazoea tu, shemeji. Miaka yote hii..."

"Umeitikia. Umesema ametoka, umesema mbele ya mpaka." Hakupandisha sauti. "Sasa nenda kamzike uliyesema ametoka."

Yohana alisimama pale mpaka ngoma za mwisho zikaisha na watoto wakaanza kukimbizana mbele ya turubai. Halafu akalitoa lile furushi kwapani, akaniuliza kwa sauti ndogo kama duka la kituoni huwa wanakubali kurudishiwa kitambaa kisichokatwa. Nikamwambia Jumapili hawafungui. Akasema atalala Tunduma, asubiri Jumatatu.

Mimi niliporudi Dar niliitwa ofisini kwa kuharibu nakala ya serikali, nikaandikiwa barua, ipo humu kwenye droo. Nilipita Ihanda mara nyingine kadhaa kabla hawajaacha kuyatuma magari yale. Lameki hakuwa amerudi. Kijana wa Yohana alipewa shamba jingine, la mteremkoni, na alioa. Mara ya mwisho nilipopita nilipelekwa kanisani nyuma, kwenye makaburi, na msalaba wa mbao ulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe. Nilidhani sasa nitaliona jina la ubatizo la yule mama, ambalo sikuwahi kulijua. Waliandika Mama Lameki.